Nyumbani kuna mtu asiyesikia na asiyeona: anzia hapa (kwa walioko Mtwara na Lindi)

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Mtoto wa dada yangu haoni na hasikii, tumpeleke wapi?" "Baba ni kiziwi tangu ujana, sasa na macho yameondoka, tunaongea naye vipi?" "Hivi huyu anafundishika kweli?" Nimeona bora niandike yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili mtu aliyeko Newala, Liwale au Kilwa asikae kusubiri nauli ya Dar ndo aanze. Maana hapo ndo wengi wanakwama, wanamsubiri mtaalamu, na huku mtoto anakaa mkekani mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, hakuna anayezungumza naye, ni kulishwa na kuogeshwa tu.

Kwa hiyo nasema mapema kabisa: mawasiliano yanaanza kwa mikono yenu, hapo nyumbani, leo. Hospitali mtaenda, ofisini mtaenda, ila msiache mikono isubiri makaratasi.

Na swali la kufundishika nalijibu hapa hapa, ndiyo anafundishika. Kiziwi asiyeona sio lazima awe kwenye giza kabisa na ukimya kabisa, wengi wana kiasi fulani cha kuona au kusikia kilichobaki, na hata yule ambaye hana kabisa ana ngozi, ana pua, ana akili yake. Shirikisho la dunia la viziwi wasioona kwenye ripoti yao ya 2018 walikadiria kwamba watu wa namna hii ni kati ya asilimia 0.2 na 2 ya watu wote, na wengi wao ni wazee. Hapa Tanzania wana chama chao wenyewe, TASODEB, Chama cha Viziwi Wasioona Tanzania. Hauko peke yako hata kama kijijini kwenu hujawahi kuona mwingine.

Andaa hivi kwanza

- Mtu mmoja wa karibu ambaye ndo atakuwa mkuu wa shughuli, na wengine wawili wa kumpokea. Mama peke yake atachoka, narudia, atachoka.
- Daftari na kalamu. Kila ishara mnayoanzisha inaandikwa humo.
- Kapu mbili ndogo au maboksi mawili ya viatu.
- Kamba nene ya katani au ya manila, ya kutoka mlango wa nyumba mpaka chooni.
- Kitu cha kumtambulisha kila mtu wa nyumbani: bangili, saa, pete, hata ushanga. Kila mtu na chake.
- Kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa kama kipo, na karatasi zote za hospitali kwenye bahasha moja.
- Kikao cha familia. Huku kwetu Makonde, Makua, Wayao na Wamwera, mjomba ana sauti, kwa hiyo mjomba aitwe. Ukianza mambo haya bila yeye halafu siku ya kumpeleka mtoto shule ndo anasikia, mtasumbuana bure.

Hatua ya 1. Jua anaona nini na anasikia nini

Usichukue neno la mtu kwamba "huyu haoni kabisa". Angalia mwenyewe, siku kadhaa, saa tofauti, na uandike.

Kwa macho: mkalishe chumba chenye giza kidogo, washa tochi ya simu ielekeze ukutani au kwenye khanga yenye rangi kali, angalia kama anageuza kichwa. Usimmulike machoni moja kwa moja. Jaribu na dirisha, jaribu na jua la asubuhi mlangoni. Jaribu kitu kikubwa karibu, halafu kitu kidogo mbali. Angalia pia kama anaona upande mmoja tu au mbele tu.

Kwa masikio: simama nyuma yake, asikuone, usimguse, gonga sufuria, ita jina lake kwa sauti nene halafu nyembamba. Hapa watu wengi wanajidanganya. Wanagonga chini, mtoto anashtuka, wanasema anasikia, kumbe amehisi mtikisiko kwenye sakafu. Au wanapiga makofi karibu na shavu, amehisi upepo. Mkalishe kwenye godoro na simama mbali kidogo.

Halafu kuna kundi moja linasahaulika sana. Mtu ni kiziwi tangu kuzaliwa, anaongea vizuri kwa lugha ya alama, ila kuanzia utotoni au ujana anaanza kujikwaa jioni, akiingia ndani kutoka juani anasimama kama kapotea, anagonga watu wa pembeni. Wenzake wanamwambia mzembe. Huyo apelekwe akapimwe macho haraka, kuna ugonjwa wa kurithi unaitwa Usher ambao unaanza na uziwi halafu uoni unapungua taratibu, unaanza na usiku, halafu pembeni, mpaka anabaki anaona katikati tu. Ukijua mapema mnapata muda wa kumfundisha nukta nundu (maandishi ya kusomwa kwa vidole) na alama za kugusa wakati bado anaona.

Hatua ya 2. Hospitali, na upimwe vyote viwili

Anzia zahanati au kituo cha afya upate rufaa. Kwa Mtwara mjini kuna Ligula na ile Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, Masasi kuna Mkomaindo na kuna Ndanda, Lindi kuna Sokoine, na Nyangao ipo. Kabla hujapanda gari piga simu au mtume mtu akaulize siku ya kliniki ya macho na siku ya masikio, maana kufika siku isiyo yake ni kulala mjini na mgonjwa. Ikishindikana huku mtapewa rufaa ya Dar, CCBRT au Muhimbili.

Ukiingia kwa daktari sema sentensi hii: "Ana shida ya kuona NA ya kusikia, naomba vyote viangaliwe." Ukisema moja watapima moja. Nimeshawaona watoto waliopimwa macho tu miaka mitatu mfululizo wakaandikwa "haongei kwa sababu haoni", masikio hakuna aliyeyagusa.

Mtoto mwenye weupe kwenye mboni ni wa haraka, sio wa kusubiri korosho ziuzwe. Unaweza kuwa mtoto wa jicho na unafanyiwa upasuaji, unaweza kuwa jambo baya zaidi ya hilo, vyovyote vile daktari auone sasa. Kwa mtoto mdogo ubongo unajifunza kuona miaka ya mwanzo, ukichelewa hata jicho likisafishwa haoni vizuri. Masikio nayo yanaweza kuwa na usaha au nta tu, yanatibika. Na kama mama aliugua rubela akiwa na mimba changa, mtoto anaweza kuzaliwa na shida ya macho, masikio na moyo pamoja, kwa hiyo omba na moyo usikilizwe. Chanjo ya surua na rubela Tanzania ilianza 2014, mtoto anapata miezi 9 na miezi 18, usiruke hata moja kwa mdogo wake.

Onyo: usitie dawa ya majani machoni wala mafuta ya moto masikioni. Na vikope kwa wazee wetu vitibiwe mapema, vile vinavyogeuza kope na kukwaruza jicho, sio vya kunyofoa nywele nyumbani na kukaa.

Akipewa miwani au shimesikio, yani kile kifaa cha kusikilizia, uliza betri zinapatikana wapi kabla hujatoka.

Hatua ya 3. Kumsalimia na kuaga

Hii inaonekana ndogo, na ndo inayobadilisha mambo wiki ya kwanza. Hebu fikiria mikono inatokea hewani inakunyanyua, inakuvua nguo, inakumwagia maji, halafu inapotea. Ndo maisha ya mtoto huyu kama hakuna utaratibu. Halafu watu wanashangaa kwa nini anapiga kelele akiguswa.

Fanyeni hivi, wote, bila kuruka:

1. Sogea taratibu, weka kiganja chako begani au nyuma ya mkono wake, mahali palepale kila siku. Kaa hapo. Usipapase, usigonge gonga.
2. Subiri ajue upo. Inaweza kuwa sekunde kadhaa.
3. Telezesha mkono wako mpaka kwenye wake, mpe kitu chako cha utambulisho. Bangili ni mama mdogo, saa ni mjomba, bibi labda ni makovu yake ya chale au fundo la khanga. Mwache ashike mpaka ahakikishe.
4. Mwambie mnafanya nini (hatua ya 5 inaeleza).
5. Ukiondoka, aga. Alama moja ya kuaga, mfano kusugua kiganja chake mara mbili. Usipotee tu.

Kwa mtu mzima aliyekuwa anaona zamani, hii ya kuaga ina uzito zaidi. Mzee anaweza kukaa anaeleza jambo dakika kumi na hajui hata kwamba kiti cha mbele yake kimebaki kitupu. Ni kumvunjia heshima.

Hatua ya 4. Mkono wako chini, wake juu

Kila mtu kwanza anamshika mtoto mikono na kuilazimisha ifanye kazi. Hapana. Mikono yake ndo macho, ndo masikio, ndo mdomo. Ukiifunga kwa nguvu umemziba vyote kwa mpigo.

Kaa nyuma yake au pembeni yake, uso wenu uelekee upande mmoja. Weka mikono yako kwenye kazi, halafu alika mikono yake ipande juu ya yako. Anahisi vidole vyako vinavyokwenda, akitaka anaondoa, akitaka anarudi.

Chukua kumenya ming'oko iliyochemshwa. Mpe kwanza mmoja mzima aushike, anuse, ajue joto lake. Mikono yako inaenda kwenye sinia, yake iko juu. Vuta ganda kipande kimoja, simama. Mwache afuatilie kwa kidole pale palipomenywa na pale ambapo bado, panateleza na pale panakwaruza. Vuta kingine. Baada ya siku kadhaa utahisi vidole vyake vinataka kutangulia, hapo toa mkono wako polepole, kidole kimoja kimoja, mpaka yeye ndo yuko kwenye ganda na wewe uko juu kidogo tu. Akimaliza mmoja, ale. Usimpokonye ukaweke kwenye sahani ya wengine.

Msimu wa korosho pia asiachwe nyumbani. Kuokota chini ya mkorosho anaweza, kuizungusha korosho itoke kwenye bibo anaweza, wengi wanaifanya vizuri kuliko sisi maana vidole vyao vimezoea. Lakini kubangua, hapana. Yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, kila mtu wa huku anajua. Kwako wewe ni vidole kuchubuka wiki moja. Kwake yeye ni wiki nzima bila kuona wala kuongea. Hata kugusa maganda yaliyovunjwa asiguse, na wewe uliyebangua nawa vizuri na sabuni kabla hujamshika.

Hatua ya 5. Vitu vya kuashiria na kapu la siku

Kabla ya lugha, anahitaji kujua nini kinafuata. Tumia vitu.

1. Chagua shughuli nne tu za kila siku. Mfano: kula, kuoga, kwenda nje, kulala.
2. Kila shughuli na kitu chake kinachohusika kweli. Kula ni kijiko chake, au kama anakula kwa mkono basi kibakuli kidogo cha kunawia. Kuoga ni kata au kopo. Kwenda nje ni kandambili. Kulala ni kipande cha ile khanga anayojifunika.
3. Kabla tu ya shughuli, mpe kitu, akishike, nendeni nacho mpaka kwenye shughuli yenyewe. Sio nusu saa kabla. Hapo hapo.
4. Shughuli ikiisha, pamoja mnakitia kwenye kapu la pili, la "imeisha".
5. Akizoea, panga vitu vyote vinne kwenye kapu la kwanza asubuhi kwa mpangilio, kushoto kwenda kulia, apapase aone siku yake.
6. Siku atakapokuletea kandambili yeye mwenyewe, acha kila kitu, nenda naye nje. Hata kama mboga iko jikoni, muite mtu aiangalie. Amekuomba kitu, kwa mara ya kwanza amesema na wewe umesikia. Ukimpuuza siku hiyo, kurudia kwake kutachelewa sana.

Kosa la kawaida ni kubadilisha kitu. Leo kata ya bluu, kesho kopo la kimbo. Kwako ni vyombo vya maji, kwake ni maneno mawili tofauti. Kosa lingine ni kumwekea vitu kumi na tano siku ya kwanza kwa sababu familia imepata moto.

Hatua ya 6. Chagua lugha kulingana na mtu mwenyewe

Hakuna lugha moja ya wote, hapa angalia alikotoka.

Mtoto aliyezaliwa hivyo: endelea na vitu, halafu ongeza alama za mkono. Unapompa kijiko, fanya pia alama ya kula, mikono yake ikiwa juu ya yako. Tumieni Lugha ya Alama ya Tanzania tangu mwanzo kwa yale mnayoyajua, sio kila mmoja na ya kwake, ili akienda shule asianze upya. Watu wa CHAVITA, chama cha viziwi, watawaelekeza alama za mwanzo, na hata kijana kiziwi wa mtaani kwenu ni mwalimu mzuri sana, muombeni kwa heshima na mpeni chochote.

Aliyekuwa kiziwi halafu akapoteza kuona: lugha anayo, inabadilika tu njia. Aongee kama kawaida, na wewe unapoongea aweke mikono yake juu ya mikono yako ahisi alama. Punguza kasi. Vile vinavyoonekana usoni havimfikii, kwa hiyo swali lipe alama yake ya swali, "hapana" iseme kwa mkono, usitikise kichwa.

Aliyekuwa haoni halafu akapoteza kusikia, au mzee aliyesoma shule akapoteza vyote: ongea naye kwa kumuandikia kiganjani. Shika mkono wake, kiganja juu, tumia ncha ya kidole chako cha shahada, andika herufi kubwa moja moja, zote palepale katikati ya kiganja, sio kwa kupanga mstari. Herufi kubwa za kuchapa, A, B, C. Neno likiisha pumzika kidogo. Ukikosea futa kwa kiganja chako, anza neno upya. Mzee atakujibu kwa mdomo wake, sauti yake bado anayo. Siku za kwanza inachosha pande zote mbili, mtaanza na CHAI, DAWA, MGENI, na majina ya watu, baadaye mtafika kwenye habari za mpira na bei za mnada. Na apewe hizo habari jamani, asiwe mtu wa kuambiwa dawa na chakula tu.

Mwenye kujua nukta nundu anaweza pia kusoma na kuandika, na kuna vifaa vya kuunganisha simu na nukta nundu, ila bei yake ni kubwa, usianzie huko.

Wekeni pia alama moja ya hatari: chora X kubwa mgongoni kwake. Maana yake ni twende sasa hivi, maelezo baadaye. Mfanyie mazoezi siku ya kawaida, mchore, mtoke nje haraka wote, mrudi. Moto, au maji kama yale ya Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, hayakupi muda wa kuandika kiganjani.

Hatua ya 7. Kutembea

Usimsukume kutoka nyuma na usimvute mkono. Yeye anashika wewe, juu kidogo ya kiwiko, mtoto anashika kifundo cha mkono, na wewe unatangulia nusu hatua. Kwenye ngazi au mtaro simama kabisa kwanza, halafu panda au shuka. Kwenye kiti weka mkono wake kwenye egemeo, atakaa mwenyewe. Kwenye kivuko cha Msangamkuu au boti yoyote mwache ashike ukingo wa chombo kabla hajanyanyua mguu.

Nyumbani funga ile kamba kutoka mlangoni mpaka chooni, usawa wa kiuno chake, na weka fundo pale njia inapokata. Kisima kifunikwe. Mafiga yawe na mahali pamoja siku zote na apajue kwa joto, kwa mbali, mkiwa pamoja. Vitu visihamishwe bila kumuonyesha.

Fimbo nyeupe ni ya asiyeona, na nchi nyingi fimbo nyeupe yenye mikanda myekundu ni ya asiyeona na asiyesikia. Kwa hiyo mnaweza kuifunga mikanda myekundu, ila nenda pia kijiweni kwa bodaboda na bajaji mkaongee, wamjue kwa sura, wajue kwamba honi kwake haina maana.

Hatua ya 8. Ofisi na shule

Nenda kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, uombe aandikwe kwenye orodha ya watu wenye ulemavu na upate barua. Mwambie aandike "kiziwi asiyeona", asiandike "kipofu" peke yake, maana huduma atakayopangiwa inafuata hilo neno. Barua ipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na kwa mtoto pia kwa afisa elimu maalumu. Toa kopi ya kila kitu kabla hujaacha.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 ipo, inataka ziwepo mpaka kamati za kijiji na mtaa, kwa hiyo uliza kamati ya kwenu ni kina nani. Kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, asilimia 2 ni mikopo ya watu wenye ulemavu, haina riba. Ila ni mkopo, unarudishwa, usichukue kwa ajili ya nauli ya hospitali. Kaya ikiwa na hali ngumu, kwenye mkutano wa kijiji wa TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, simama useme wazi kwamba kuna mtu huyu.

Shule: Masasi kuna shule ya msingi ya wasioona, na Dar es Salaam Uhuru Mchanganyiko kuna kitengo cha viziwi wasioona. Afisa elimu maalumu ndo anajua nafasi na kituo cha karibu. Maswali ya kumuuliza mwalimu mkuu kabla hujamuacha mtoto: nani atakuwa naye darasani, anajua kuwasiliana kwa kugusa? Usiku bwenini ni nani? Daftari letu la ishara atalitumia? Mpe hilo daftari na vile vitu vya kapu, visibaki nyumbani.

Kuna jambo halisemwi sana. Watoto hawa, na wasichana hasa, wanaumizwa kwa sababu mwovu anajua hawatasema. Afundishwe kwa mkono wake nani anamuogesha na nani hapana, awe na alama ya "sitaki", na mkimuona ameitumia muiheshimu hata kwenye jambo dogo kama kukataa uji. Ukiona mabadiliko ya ghafla, au alama mwilini, nenda hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kwa mtoto kuna namba 116 ya bure. Na kwenye unyago au jando asirukwe akaambiwa haelewi. Mambo ya mwili wake anatakiwa ayajue kuliko wote, kwa mikono, na mtu anayemwamini.

Ikigoma

*Anarusha kila kitu anachopewa.* Mara nyingi ni kwamba hajapata muda wa kukishika, au umempa ghafla. Gusisha kitu nyuma ya mkono wake kwanza, subiri, yeye ndo ageuze kiganja.

*Anajipiga, anauma watu.* Andika kwenye daftari nini kilitangulia. Sikio linalouma, jino, njaa, mtu kaondoka bila kuaga. Wiki moja ya kuandika itakuonyesha mpangilio. Kumpiga hakumfundishi chochote, yeye hajui kipigo kimetoka wapi wala cha nini.

*Anabonyeza macho kwa vidole kila saa.* Usimfunge mikono. Mpe mikono kazi, na kwenye kliniki mwambie daktari wa macho.

*Halali usiku, anacheka saa nane.* Asiyeona mwanga hajui usiku umeingia. Mtoe nje asubuhi apate jua na uchovu, punguza kulala mchana, na jioni mfuatano uwe uleule: kuoga, kula, ile khanga, kulala.

*Mwezi umepita, hamna mabadiliko.* Mwalimu Anne Sullivan alifika kwa Helen Keller, mtoto wa Marekani asiyeona na asiyesikia, Machi 1887, akawa anamuandikia maneno mkononi kila siku, na neno la kwanza kueleweka, maji, lilikuja mwezi uliofuata, na yule mtoto alikuwa ameona na kusikia mpaka miezi 19 na alishakuwa na ishara zake nyingi. Wa kwako aliyezaliwa hivyo anaweza kuchukua miezi mingi. Punguza vitu vibaki viwili, hakikisha wote nyumbani wanafanya sawasawa, endelea.

*Majirani wanasema amerogwa, au mama alikosea.* Waonyeshe karatasi ya hospitali, waalike waje wasalimie kwa kumgusa bega. Aliyeshikwa mkono na mtoto akatambuliwa kwa pete yake huwa harudii yale maneno.

*Mtu mzima amepoteza kuona juzi tu, anageukia ukuta, hataki kula.* Huyu usianze na mafunzo. Kaa naye, mkono begani, kila siku saa ileile, hata kama hamuongei. Mtafute kiziwi mwingine asiyeona kupitia TASODEB au ofisi ya ustawi, hata wakutane mara moja, washikane mikono waongee wenyewe. Na kama anasema anataka kufa, hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake usiku.